Barua kwa Mwalimu: “Nilimwinua bibi kwenye benchi, hajarudi tena kanisani”

Wasomaji wangu, barua za toleo hili ni tatu: moja imetoka Moshi, moja Songea, moja Mpanda. Nimezisoma na kuzirudia kuliko kawaida yangu, kwa sababu zinagusa upendeleo, jambo ambalo mimi mwenyewe limenishinda mara nyingi, darasani na nyumbani. Nimefundisha shule ya msingi miaka 34, na sasa ni mzee wa kanisa huku Lushoto. Nitajibu kwa nilichokiona.

Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe. *Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Moshi Vijijini. Siku ya mavuno nilikuwa zamu ya mlangoni. Bibi mmoja wa mtaa wetu alifika kabla ya kengele, akakaa benchi la pili, kikapu chake cha maharage kakiweka miguuni. Tukiwa kwenye wimbo wa pili akaingia mgeni wetu na watu wake sita. Ni mfanyabiashara, ametuahidi mabati ya kuezeka ukumbi. Mbele palikuwa pamejaa. Nikamwinamia bibi nikamwambia, “Mama, wapishe wageni, nje kuna viti chini ya turubai.” Akaniangalia, akachukua kikapu, akatoka na wenzake wa benchi lile. Hakusema neno. Ibada ilipokwisha nikaenda kumtazama. Hakuwepo, na kikapu alikiacha juu ya kiti cha plastiki. Leo ni Jumapili ya tano hajaonekana. Mwenzangu wa baraza ameniambia nisijitese, kumheshimu mgeni ni desturi yetu. Je, nilikosa? Na kama nilikosa, nifanyeje bila kulikuza jambo?*
*Mzee wa Zamu, Moshi*

Asifiwe, mzee wangu. Asiyekosa hahesabu Jumapili. Umehesabu tano, kwa hiyo jibu la swali la kwanza unalo tayari, nami nitakaa zaidi kwenye la pili. Lakini kwanza tumsikilize huyo mwenzako wa baraza, maana alichokisema kina ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio unaowapoteza wengi.

Ni kweli, mgeni ni wa kuheshimiwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nimekulia nyumba ambayo mgeni akibisha hodi, kigoda kinafutwa vumbi kabla hajavuka kizingiti. Lakini kumbuka kigoda hicho kilikuwa cha nani. Baba ndiye aliyeinuka. Hakumwinua mtoto wa jirani aliyekuja kuomba moto ili yeye aendelee kukaa. Siku ile ya mavuno wewe ulikuwa na nafasi yako, na wazee wa baraza, kama sharika nyingi ninazozijua, walikuwa na benchi lao, pengine lenye mito. Kama ninyi mngesimama mkampisha mgeni, hiyo ingekuwa heshima, tena ya kupendeza. Mlichompa mgeni hakikuwa chenu. Kilikuwa cha bibi aliyetoka kwake alfajiri akakifuata kwa miguu.

Katika Luka sura ya 14 Bwana Yesu yuko mezani kwa Farisayo mmoja mkubwa, anawatazama watu wanavyogombea viti vya mbele. Anawaambia, ukialikwa usikae mahali pa heshima, asije mwenyeji akakwambia, “Mpishe huyu!” Ukilinganisha na ulichomwambia yule bibi, maneno yanakaribiana sana. Ila Yesu alikuwa akimfundisha mwalikwa ajishushe mwenyewe. Hakumpa mtu wa mlangoni kazi ya kuwashusha wengine.

Kisha kuna mabati. Umeyataja katika mstari mmoja ukapita, mimi nimesimama hapo. Angechelewa fundi baiskeli wa pale njia panda na wanawe sita, ungemwinua bibi? Najua usingemwinua. Ungemwambia fundi kwa upole kwamba nje kuna turubai. Basi kilichoinua benchi lile si ugeni, ni pete. Mtume Yakobo ameieleza asubuhi yako ile kana kwamba alikuwa amesimama mlangoni pamoja nawe: anaingia mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri, anaingia na maskini, na mmoja anaambiwa, “Keti wewe hapa mahali pazuri,” na mwingine, “Simama wewe pale.” Mbele kidogo, mstari wa 9, anasema bila kuzunguka: “Bali mkiwapendelea watu, mwafanya dhambi.” Hakusema mnakosea adabu.

Jambo moja kwenye habari hiyo lilinichukua miaka kuliona. Yule mwenye pete hakuomba kiti. Yakobo hamlaumu kwa kuvaa vizuri wala kwa kuingia. Lawama yote iko kwa aliyewapokea. Kwa hiyo usije sasa ukamgeuzia uso mfanyabiashara wenu, ukaanza kumwona adui kwa sababu dhamiri yako inakuuma. Sheria ya Musa, Walawi 19:15, inakataza pande zote mbili: usimpendelee maskini, wala usimstahi mwenye nguvu. Akija tena, mkaribishe kwa moyo mkunjufu na umwonyeshe nafasi iliyopo. Nimewahi kuona tajiri akikaa chini ya turubai na watoto wa shule ya Jumapili, akafurahi kuliko alivyowahi kufurahi mbele. Alichoka kuwa mgeni rasmi kila anapoingia nyumba ya Mungu.

Umeuliza ufanyeje bila kulikuza jambo. Hilo neno la kutolikuza limenitia hofu. Mwaka 1857, huko Rasi, Afrika Kusini, Kanisa la Matengenezo la Wadachi lilikaa katika sinodi likajadili wazungu waliokuwa hawataki kushiriki meza ya Bwana pamoja na waumini weusi. Sinodi ilikiri kwamba kwa Maandiko waumini wote wanapaswa kuabudu pamoja. Kisha ikaongeza kwamba, kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu, ruhusa itolewe wengine waabudu mahali pa peke yao. Jambo dogo, la kuwasitiri wadhaifu, amani ipatikane. Mwaka 1881 likaundwa kanisa zima la kando kwa ajili ya watu wa rangi. Na ubaguzi ulipokuja kuwa siasa ya serikali baada ya uchaguzi wa 1948, ulikuta kanisani kuta zimeshajengwa. Ilipita miaka 120 tangu sinodi ile hadi Walutheri wa dunia walipokutana Dar es Salaam, mwaka 1977, wakatamka kwamba kuukataa ubaguzi wa Afrika Kusini hadharani ni suala la imani yenyewe. Mkutano huo huo ndio uliomchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa rais wao, Mwafrika wa kwanza. Mimi sikulinganishi na watu wa 1857, mzee wangu. Ninakuonyesha tu kwamba wao pia hawakutaka kulikuza.

Sasa nenda kwa bibi. Nenda siku ya kazi, jioni, watu wakiwa wametoka shambani, na usivae suti ya Jumapili. Usimchukue mchungaji, maana mbele ya mchungaji atalazimika kusema yamekwisha hata kama hayajaisha. Usitangulize kilo ya sukari. Sukari ikitangulia, inamfunga mdomo. Mchukulie kikapu chake.

Hapo nina swali ambalo barua yako haikulijibu: yale maharage yaliishia wapi? Kama yaliingia mnadani pamoja na mikungu ya ndizi na kuku, kuna mtu aliyanunua na kuna fedha iliyoandikwa. Itafute kwa mhazini. Mwambie bibi, “Mama, sadaka yako ilipokelewa, ilinadiwa kwa shilingi kadhaa, na kikapu chako hiki hapa.” Mtu aliyelima, akapura, akapepeta, akabeba kichwani, ana haki ya kujua kwamba mkono wake ulifika madhabahuni ingawa yeye mwenyewe alitolewa nje.

Kisha omba radhi kwa sentensi fupi. Usiseme “kama nilikukwaza”, hiyo “kama” inamtwika yeye mzigo wa kuthibitisha. Sema, “Nilikuinua kwa sababu ya mtu mwenye mali. Nilikosa. Nisamehe.” Halafu nyamaza. Usimwombe arudi kanisani siku hiyo, asije akadhani unamfuata ili kujaza benchi. Akiwa na maneno, yapokee hata yakiwa makali. Akikupa chai, kunywa yote. Na utazame pale nyumbani kwake pakoje, nani anamtekea maji, paa likoje. Ulinieleza kazi ya mgeni, idadi ya watu wake na ahadi yake. Kuhusu bibi ulinieleza maharage tu.

Na barazani peleka pendekezo hili, ambalo sisi huku tulilipitisha baada ya mabishano marefu: aliyewahi hainuliwi. Mgeni mwenye neno la kusema huwekewa kiti chake karibu na mimbari kabla ibada haijaanza, na akichelewa, atakayempisha ni mzee wa kanisa. Pia zamu ya mlangoni wekeni kina mama wawili wa rika la bibi huyo. Hili nimelitoa Matendo ya Mitume sura ya 6. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, watu wakanung’unika. Mitume hawakutoa hotuba ya kuwataka watu wapendane. Waliwaambia waumini wachague watu saba wa kusimamia: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, na Nikolao mwongofu wa Antiokia. Yasome majina hayo tena. Yote ni ya Kiyunani. Meza ilikabidhiwa kwa watu wa upande uliokuwa unasahauliwa.

Mwalimu, Tumsifu Yesu Kristo. *Nina watoto watatu. Wa kwanza ameoa, yuko Dar es Salaam. Wa pili ni binti, ana miaka 23, ndiye ninayeishi naye na ndiye anayeibeba nyumba. Wa mwisho ni mvulana, ana miaka 19. Alizaliwa njiti, nikamlaza kifuani wiki saba, na tangu hapo moyo wangu uko kwake, siwezi kuficha. Juzi usiku binti alikuwa anaosha vyombo, akaniambia bila kugeuka, “Mama, mtoto wako akirudi, mwambie chakula kiko kwenye hotpoti.” Mtoto wako! Nilikosa usingizi. Padre ameniambia nisali, nimesali, lakini moyo haujabadilika. Je, inawezekana kuulazimisha moyo kupenda sawasawa?*
*Mama wa Watatu, Songea*

Milele amina, mama mwenzangu. Hapana, moyo haulazimishwi. Nakujibu hivyo mapema ili utue mzigo ambao Mungu hakukutwika.

Lugha yetu imeliweka jambo hili wazi. Upendo na upendeleo ni watoto wa neno moja, kupenda. Upendeleo si chuki. Ni upendo uliofika mlango mmoja ukakaa hapo, milango mingine ikabaki inasubiri. Kwa hiyo sikuambii upunguze unachompa kijana wako. Ulimpigania na kifo wiki saba, ngozi kwa ngozi, na ninadhani hadi leo bado unampigania na kifo kile kile, ingawa yeye ana ndevu na analala usiku kucha bila tatizo. Jiulize hilo taratibu. Huenda unachokiita kumpenda zaidi ni hofu ambayo haijaambiwa kwamba vita vimekwisha.

Torati ina kipande ambacho huwa hakisomwi sana, Kumbukumbu la Torati 21, mstari wa 15 hadi 17. Mtu ana wake wawili, mmoja anampenda na mwingine anamchukia, na mzaliwa wa kwanza ni wa yule asiyependwa. Nilitegemea sheria imwambie, wapende wote sawa. Haikumwambia hivyo. Inamwambia siku ya kugawa urithi asithubutu kuruka zamu: mwana wa yule asiyependwa apate sehemu yake maradufu, maana ni haki yake. Mungu aliujua moyo wa mwanadamu, akaanza na mkono.

Nami nilianzia hapo, na nitakusimulia jinsi ilivyokuwa. Nyumbani kwetu kuku alichinjwa Krismasi na Pasaka, na mara chache akija mgeni. Marehemu mume wangu hakuipenda firigisi, kwa hiyo mimi nikawa nampa mwanangu wa kwanza, mvulana. Sikuwahi kusema ni yake. Krismasi moja nilikuwa na homa, nikamwambia binti yangu wa pili, akiwa na miaka tisa, apakue. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, namwona. Akachukua firigisi kwa kijiko, akaipitisha juu ya sahani yake, akaiweka kwenye sahani ya kaka yake na kuifunika na mchuzi vizuri. Yeye akachukua shingo. Hakuna aliyemwambia. Uso wake haukuwa na huzuni wala hasira, ulikuwa wa mtu anayejua mambo yanavyokwenda. Huo uso ndio ulionitoa machozi, si ile shingo.

Pasaka iliyofuata niliikata firigisi vipande vinne, kila mtoto na chake, vidogo kama ukucha. Mvulana alinuna. Mabinti walikitafuna kipande kile kwa muda mrefu kupita kiasi. Nikaendelea hivyo, na kwenye sare, na kwenye viatu, na kwenye nani anatumwa dukani usiku na nani anabaki anasoma. Moyo wangu ulikuja nyuma ya mkono, polepole, kwa miaka. Nilianza kumjua binti yangu kwa sababu nilikuwa nimelazimika kumtazama.

Kwa hiyo usiitishe kikao cha familia. Chukua daftari uandike, mwaka huu peke yake, umetumia nini kwa kila mtoto: ada, nguo, vocha, nauli, na saa zako pia. Nani ukimpigia simu unamwuliza amekula, na nani unamwuliza amepika? Anza kusawazisha hapo. Binti yako ana miaka 23 na anabeba nyumba. Kuna kozi aliyoiacha? Kuna mchumba anayesita kumleta kwa sababu anaogopa nani atakupikia? Mtafute muda wenu wawili, hata kama ni njiani mkitoka jumuiya, umwambie, “Nimekuonea, na nimeona.” Usimweleze habari za njiti siku hiyo. Anazijua, amezisikia maisha yake yote.

Na kijana usimvue kitu kwa ghafla ili kuonyesha umebadilika. Isaka alimpenda Esau, Rebeka akampenda Yakobo, na Yakobo aliyeumizwa na hayo akakua akayarudia, akamfanyia Yusufu kanzu ndefu. Ndugu zake “wakamchukia, wala hawakuweza kusema naye kwa amani.” Kisha walimvua ile kanzu kisimani. Lakini Yusufu hakujishonea. Aliyeishona alikuwa nyumbani, anasubiri habari.

Sala usiiache. Ila badilisha maneno. Usiombe moyo mpya tu, ombea siku ya binti yako kwa vitu vyake halisi: mgongo wake unaouma, rafiki yake, mtihani wake. Mtu unayemtaja mbele za Mungu kila asubuhi kwa mambo yake anaacha kuwa mpangaji nyumbani mwako.

Mwalimu, shikamoo. *Mimi ni kijana wa miaka 24, katibu wa kwaya hapa Mpanda. Tunaye dada mwenye sauti ambayo kila mtu anaikubali. Wazazi wake walikuja makazi ya Katumba baada ya machafuko ya Burundi ya 1972. Yeye amezaliwa hapa na uraia anao. Tunajiandaa kurekodi, na mwalimu wa kwaya amempa kuanzisha nyimbo mbili. Wenzetu kadhaa wamegoma. Wanasema mkimbizi hawezi kutuongoza, na mmoja alilisema hilo akiwepo mwenyewe. Mwenyekiti anataka tumpumzishe kwanza ili amani irudi. Nifanye nini?*
*Katibu, Mpanda*

Marahaba, mwanangu. Amani anayoitaka mwenyekiti itagharimiwa na mtu mmoja, tena yule ambaye hakuivunja.

Anza na ukweli wa kawaida. Watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipewa uraia wa Tanzania, na kazi hiyo ilihitimishwa mwaka 2014. Anayemwita dada huyo mkimbizi amemshuhudia uongo, na amri kumi zinalijua kosa hilo.

Halafu soma Wagalatia 2. Petro ndiye aliyesema nyumbani kwa Kornelio, “Hakika natambua ya kuwa Mungu hana upendeleo.” Alilijua, alilihubiri. Lakini huko Antiokia, walipofika watu kutoka Yerusalemu, aliinuka kwenye meza ya watu wa Mataifa akajitenga, kwa kuwa aliwaogopa wageni wale. Hata Barnaba, mwenzake Paulo, akachukuliwa na unafiki huo. Paulo alimkabili mbele ya wote, kwa sababu kosa lilifanyika mbele ya wote. Hilo ndilo nakuomba ulishike: neno lililosemwa dada akiwepo, lijibiwe dada akiwepo. Lakini wewe ni mdogo. Nenda kwanza kwa mwenyekiti peke yako, kwa adabu, umwombe yeye ndiye alitamke siku ya mazoezi: kwamba ratiba haibadiliki, na kwamba neno lile halitasemwa tena katika kwaya hii. Akikataa, nenda kwa mchungaji. Mchungaji naye akinyamaza, simama mwenyewe useme, sauti yako ikitetemeka usijali.

Dada huyo ana asili ya Burundi, na Burundi imewapa Wakristo wote wa ukanda huu somo la jambo hili. Tarehe 30 Aprili 1997 watu wenye silaha waliingia Seminari Ndogo ya Buta, Bururi, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku, Watutsi huku. Vijana wale hawakutengana. Waliuawa 40, wengi wao wa umri mdogo kuliko wako. Kwenye kwaya yenu hakuna aliyewaelekezea bunduki, mnaombwa tu mstahimili manung’uniko.

Sikuandikii haya kama mtu msafi. Miaka ya themanini nilifundisha wilayani Korogwe, karibu na shamba la mkonge. Tulikuwa na watoto wa kambini, wajukuu wa manamba waliotoka Kigoma, Burundi, Songea na kwingine kuja kukata mkonge tangu enzi za wakoloni. Darasani kwangu alikuwepo mvulana wa familia iliyotoka pande za Kasulu, anakuja na nyuzi za mkonge zimenata kwenye sweta. Nilimkalisha nyuma. Wageni wakija nilimtuma kisimani. Nilimwita “wewe wa kambini”, darasa zima likamwita hivyo hivyo.

Siku moja nilisahihisha mitihani kwa namba, majina yamefunikwa, kama wafanyavyo Baraza la Mitihani. Insha iliyonifurahisha kuliko zote nikaipa 41 kwa 50. Nilipofunua, ilikuwa yake. Mwezi uliotangulia nilikuwa nimempa 23. Nikarudia ile ya mwezi uliotangulia, nikaikuta nzuri vile vile. Nilikuwa nimesahihisha sweta.

Nilimwita ofisini nikamwomba radhi, yeye akatazama chini tu. Nikafungua daftari la mahudhurio ili nilione jina lake sawasawa, nikamwuliza kama nimeliandika vizuri. Akasema hapana. Lilikuwa na Imana ndani yake, neno ambalo kwa Kiha na kwa Kirundi ni Mungu, na mimi nilikuwa nimelikosea kwa miaka miwili, nikiita kila asubuhi. Akaniandikia mwenyewe kwa kalamu yangu.

Kwa hiyo kabla hujaenda kwa mwenyekiti, fanya jambo moja. Kwenye mazoezi yajayo wahi, kaa na dada huyo wakati wa mapumziko mbele ya wote, umwulize jina lake la ukoo lina maana gani. Wewe ni katibu, orodha ya waimbaji itakayokwenda studio unaiandika wewe. Mpe aisome kabla hujaipeleka.